Kuunda Jahazi Mbali na Bahari

Mji wa Elburgon umo katika Kaunti ya Nakuru, kando ya misitu ya Mau, zaidi ya futi 7,500 juu ya usawa wa bahari. Kutoka hapo hata Mombasa ni mwendo wa zaidi ya maili 400. Wenyeji wake ni watu wa mbao, viazi, pareto na ng'ombe wa maziwa. Asubuhi ukungu hushuka kutoka msituni hata mtu asiione nyumba ya jirani yake, na usiku hapana budi kuwasha moto. Mtu akisema kwamba katika mji huo pana jahazi, tanga lake limetwekwa na kamba zake zimefungwa kama ipasavyo, wasikilizaji watadhani anafanya mzaha. Walakini jahazi hilo lipo. Urefu wake ni inchi 16, limesimama juu ya kabati nyumbani kwangu, na kulimaliza kulinichukua miaka 34.

Siandiki habari zake kwa kujisifu, maana wasomaji wataona ya kuwa sehemu kubwa ya habari hizi ni makosa yangu mwenyewe. Naandika kwa sababu wako watu wengi, makarani na wakulima, walioanza kazi fulani ya mikono katika ujana wao, kisha wakaiacha, na kitu chenyewe kingali darini kikiwangoja.

KISANDUKU CHA MHANDISI

Nilipokuwa mtoto nilichonga mashua kwa maganda ya miti, nikazielekeza katika kijito, kama wafanyavyo watoto wote. Mwaka 1983 niliajiriwa kuwa karani katika kiwanda kimoja cha mbao. Kazi yangu ilikuwa kuhesabu mbao, kupima unene na upana wake, na kuandika daraja la kila fungu. Palikuwa na mhandisi mmoja mgeni ambaye jioni alijipumzisha kwa kuunda vyombo vidogo vya mfano. Alinifundisha, nami nikaunda mashua ya mlingoti mmoja, nikaona fahari kubwa. Mkataba wake ulipokwisha mwaka 1985, alinipa zawadi ya kisanduku ambacho yeye mwenyewe hakupata kukifungua. Juu ya kifuniko palikuwa na picha ya jahazi.

Kwa wale wasioijua kazi hii, nitaeleza kidogo. Viko viwanda vya Ulaya ambavyo hufunga katika kisanduku kimoja vipande vyote vya chombo kidogo: mkuku na mataruma yaliyokatwa katika plaiwudi, mbao nyembamba kama ukanda za kufunika ubavu, vijiti vya mlingoti, nyuzi za kamba, kitambaa cha tanga, na karatasi kubwa za ramani. Hakuna kilichoungwa. Jahazi langu lilikuwa la kipimo cha moja kwa sitini, maana yake kila inchi moja ya mfano ni sawa na futi tano za jahazi la kweli. Basi inchi 16 ni chombo cha futi 80.

Ajabu yake ni hii. Jahazi ni chombo cha pwani yetu. Kwa karne nyingi majahazi yalishuka na upepo wa kaskazi kutoka Arabuni na Ghuba, yakileta tende, chumvi na mazulia, kisha yakarudi na upepo wa kusi yakichukua boriti za mikoko. Lakini maelezo yaliyokuwamo kisandukuni yaliandikwa kwa lugha nne za Ulaya, wala hapakuwa na neno hata moja la Kiswahili. Kila kipande kilikuwa na namba, na mimi nilivijua kwa namba tu.

Karibu na stesheni aliishi mzee mmoja mstaafu wa reli, mtu wa pwani aliyeoa huku bara akakaa moja kwa moja. Nilimpelekea ramani ile. Alivaa miwani yake, akaitazama muda mrefu bila kusema neno, kisha akaniomba kalamu na karatasi. Akachora jahazi zima, na kando ya kila kitu akaandika jina lake. Chini akaandika mkuku, ndio uti wa mgongo wa chombo. Na mataruma, ndiyo mbavu zake. Na hanamu, ndio mti wa mbele ukatao maji. Mbele akaandika omo, na nyuma shetri. Juu ya sitaha akaandika majina mengi zaidi, ya milingoti na ya kamba, na kila jina akanitamkisha.

"Mwanangu," akaniambia, "kitu usichokijua jina huwezi kukiagiza wala kukitunza."

KOSA LA USIKU MMOJA

Nilianza vema. Niliusimamisha mkuku, nikatia mataruma 11, nikaona umbo la jahazi likitokea. Ndipo haraka iliponiingia. Siku ya Jumapili nilitazamia wageni kutoka Nakuru, nami nilitaka wakute ubavu mmoja umekwisha. Jumamosi usiku nilikaa na taa, nikapachika mbao za upande wa kulia moja juu ya moja, bila kugusa upande wa kushoto, hata karibu na alfajiri.

Karani wa mbao alipaswa kujua kitakachotokea. Ubao uliopindishwa hutaka kurudi ulivyokuwa, na kila ubao uliogandishwa kwa gundi huvuta taruma upande wake. Mbao zikivuta upande mmoja tu, na upande wa pili hapana kitu cha kuzipinga, chombo chote hujikunja kama ndizi. Kwa sababu hiyo mafundi hupachika ubao mmoja kuume, kisha mmoja kushoto, na hivyo hivyo mpaka mwisho. Tena nilikuwa sikuyapiga msasa mataruma yafuate mteremko wa ubavu, nikazilazimisha mbao zilale mahali pasipokuwa pake.

Wageni walikisifu chombo, maana hawakujua. Jioni yule mzee alipita. Alikiinua hata usawa wa jicho, akakitazama kutoka omo kwenda shetri, kisha akakiweka mezani taratibu.

"Mwanangu," akasema, "chombo chako kinatazama Molo, na mkuku wake unatazama Njoro."

Msomaji anayeijua nchi yetu atafahamu, maana Molo iko magharibi yetu na Njoro mashariki. Watu wote waliokuwapo walicheka. Mzee hakusema kwa ubaya. Aliongeza kwamba dawa ipo, ni kufumua na kuanza tena, na kwamba yuko tayari kunisaidia. Lakini nilikuwa kijana, nami niliona haya. Nikarudisha vipande kisandukuni pamoja na karatasi ya mzee, nikapandisha kisanduku darini. Tangu siku hiyo nilipopita nyumbani kwake nilimwamkia kutoka barabarani, sikuingia. Mzee alifariki mwaka 1991, wala sikupata kumrudia kwa habari ya jahazi.

KISANDUKU KINASHUKA

Katika Februari 2018 serikali ilisimamisha ukataji wa miti katika misitu ya umma. Viwanda vya mbao vya Elburgon na Molo vilikosa magogo, na watu wengi wakakosa kazi. Katazo hilo lilidumu hata Julai 2023 ilipotangazwa kuondolewa. Sisemi hapa kama lilikuwa jema au baya, maana misitu ya Mau ni chemchemi ya mito mingi na kila mtu aona kwa jicho lake. Nasema tu kwamba nami nilijikuta nyumbani, mtu aliyezoea kuamka saa kumi na moja, na hapana honi ya kiwanda iniitayo.

Mwezi wa Aprili nilikuwa nikitengeneza dari iliyokuwa ikivuja. Mjukuu wangu, msichana wa miaka tisa, alikuwa akinishikia ngazi. Nilimteremshia kisanduku, akakifungua kabla sijashuka.

"Babu," akauliza, "hiki ni kiota cha panya?"

Ndivyo kilivyokuwa. Panya walikuwa wametafuna kitambaa cha tanga na nyuzi, wakafanya malazi. Kisha nikaiona karatasi ya mzee. Nusu ya chini ilikuwa nzima: mkuku, mataruma, hanamu, omo, shetri. Nusu ya juu ilikuwa vumbi. Panya walikuwa wamelila jahazi kuanzia sitaha kwenda juu, na majina ya milingoti na kamba zote yamekwenda nayo. Nilijaribu kuyakumbuka, nikapata mawili matatu tu.

Hapo nilitambua kosa langu lilikuwa kubwa kuliko nilivyodhani. Ubao uliovunjika huweza kukatwa mwingine. Lakini maneno yale mzee alinipa bure, na mimi nikayapa panya. Nikaazimia kulimaliza jahazi lile.

KUFUMUA

Kazi ya kwanza ilikuwa kuyaondoa makosa ya 1985. Jirani mmoja, seremala, alinishauri nijaze palipopinda kwa vumbi la mbao na gundi, nipake rangi, na hapana mtu atakayejua. Shauri hilo lilinivutia kwa siku mbili. Mwisho nilikataa, kwa kuwa jahazi lililopinda mkuku halitanyooka kwa kupakwa rangi, nami nisingeweza kulitazama bila kumsikia mzee.

Gundi nyeupe ya maseremala hulegea kwa moto na maji. Nilichovya kitambaa katika maji ya moto, nikakilaza juu ya kila kiungo, na baada ya dakika chache nikapenyeza kisu chembamba. Katika mbao 22 nilizozipachika usiku ule, 13 zilivunjika. Mkuku niliutia mvuke wa birika, nikaubana kati ya mbao mbili nzito zilizonyooka, nikauacha siku kumi. Ulipotoka ulikuwa umenyooka. Mataruma niliyarudisha moja moja kwa kutumia skwea, na kila moja nikalingojea likauke kabla ya kutia la pili.

Kuhusu mbao zilizovunjika, Elburgon haikuniangusha. Nilijaribu kwanza mtarakwa, ndio mwerezi wa milima yetu, ambao zamani ulipelekwa ng'ambo kutengenezea kalamu za risasi. Hupasuka sawasawa na harufu yake ni nzuri, lakini ukipindishwa huvunjika. Nikajaribu saiprasi, ni laini, bali vifundo vyake ni vingi. Mwisho nikachukua kipande cha podo kilichokaa kavu ghalani miaka mingi, nikakipasua na kukipiga randa hata kikawa chembamba kama shilingi mbili zilizopangwa pamoja. Nyuzi zake zimenyooka, nacho kikilowekwa nusu saa hukubali kupinda. Ubavu wa jahazi langu basi ni nusu mti wa Ulaya na nusu podo ya Mau, na mwenye jicho huona tofauti ya rangi. Sikuificha.

MELI ZILIZOPITA HAPA VIPANDE VIPANDE

Watu waliokuja kutazama walikuwa na neno moja. Walisema, "Hii si kazi ya fundi. Vipande vimekwisha katwa, wewe waunga tu." Niliwajibu kwa habari ambayo kila mtu wa nchi yetu ya reli yafaa aijue.

Meli za kwanza za mvuke za Ziwa Viktoria nazo zilitoka kisandukuni. Meli William Mackinnon iliundwa Uskoti, ikafunguliwa, ikaletwa Mombasa vipande vipande, na sehemu ya safari yake kwenda ziwani ilikuwa juu ya vichwa vya wapagazi, kwa kuwa reli haijafika. Ilitiwa majini Kisumu mwaka 1900. Reli ilifika mwaka 1901, na baada yake zikaja Winifred mwaka 1902 na Sybil mwaka 1903, nazo pia ziliundwa Uskoti na kuungwa upya Kisumu. Hata Victoria, iliyoanza kazi mwaka 1961, ililetwa kwa namna hiyo hiyo. Njia ya reli kutoka Nakuru kwenda Kisumu hupita Elburgon. Basi meli zilikwisha panda Mau zikiwa vipande kabla mimi sijazaliwa.

Katika Tanganyika iko habari kubwa kuliko hizo. Meli Graf von Götzen iliundwa Papenburg katika Ujerumani mwaka 1913, ikafunguliwa na kutiwa katika masanduku yapata 5,000, ikapelekwa Dar es Salaam, kisha Kigoma, na kushushwa katika Ziwa Tanganyika mwaka 1915. Wajerumani waliizamisha wenyewe Julai 1916 ili adui asiipate. Iliinuliwa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Hakuna aliyewaambia mafundi wa Kigoma na Kisumu ya kuwa hawakufanya kazi. Kukata kipande ni kazi, na kuunga vipande elfu vikawa kitu kimoja kisichovuja ni kazi ya pili. Tena meli iliyozama ikafufuliwa ilinitia moyo, mimi mwenye chombo kilichozama darini miaka 33.

SAFARI YA KUTAFUTA MAJINA

Ilipofika mwisho wa 2018 ubavu ulikuwa umekwisha na sitaha imelazwa. Hapo nikasimama, maana nilifika pale panya walipoanzia. Ramani ilionyesha nyuzi kwa namba, nami sikutaka kufunga kamba nisiyoijua. Mwaka 2019 nikatia picha za chombo katika mfuko, nikashika gari moshi la Nairobi hata Mombasa, kisha basi hata Mokowe, na mashua hata Lamu.

Katika kisiwa cha Lamu kiko kijiji cha Matondoni, kijulikanacho kwa mafundi wake wa vyombo. Nilimkuta fundi mmoja akitia kalafati, yaani akishindilia pamba yenye mafuta katikati ya mbao ili maji yasipenye. Nilimwamkia, nikamweleza haja yangu. Alicheka kusikia jahazi la Elburgon, lakini aliosha mikono, akazichukua picha, akazitazama moja moja.

"Mzee," akasema, "aliyetoa mfano huu alilitazama jahazi, hakulipanda."

Akanionyesha. Ramani ilizifunga kamba za kushikilia mlingoti pande zote mbili, zikakaza daima kama nyaya za mlingoti wa simu. Katika jahazi la kweli kamba hizo hukazwa upande utokako upepo, na za upande wa pili hulegezwa ili foromali ipate nafasi. Jahazi likitaka kugeuza tanga, foromali husimamishwa wima, ikazungushwa mbele ya mlingoti, na kamba zikahamishwa. Mwenye kuzikaza zote hawezi kugeuza tanga lake.

Kisha akanipa majina, nami nikayaandika. Foromali ni ule mti mrefu wa kutundikia tanga. Henza ni kamba nene ya kuipandishia foromali, na jarari ni kamba ipitayo katika kapi kuisaidia henza. Demani ni kamba ya kuongozea pembe ya chini ya tanga. Mlingoti mdogo wa nyuma ni galme, mti wa mbele utokezao nje ni dasturi, na mkono wa usukani ni kana. Kila alipotamka neno nilimsikia mzee wa stesheni. Maneno yalikuwa yale yale.

MTEPE

Kabla sijaondoka Lamu niliingia katika jumba la makumbusho la mji. Humo imo mifano ya vyombo vya pwani, na mmoja ni wa mtepe. Nilisimama mbele yake muda mrefu.

Mtepe ulikuwa chombo cha visiwa vya Lamu na vya Wabajuni. Haukuwa na msumari. Mbao zake zilishonwa kwa kamba za makumbi ya nazi na kushikwa kwa vigingi vya mti. Tanga lake lilikuwa mkeka wa pembe nne. Na omo yake iliinuka kama shingo ya ngamia, ikapambwa kwa macho. Ushonaji huo ni wa kale sana. Kitabu cha mabaharia wa Kiyunani kilichoandikwa katika karne ya 1 kinataja mashua za kushonwa katika pwani hii, na mji ulioitwa Rhapta ulipata jina lake kwa ajili ya mashua hizo.

Mitepe ilikoma katika karne ya 20, na hakuna hata mmoja wa zamani uliobaki mzima. Tunajua namna ulivyoshonwa kwa sababu watu walipiga picha, waliandika, na waliunda mifano midogo. Mwaka 2003 ulipoundwa mtepe mpya huko Unguja kwa ajili ya makumbusho ya Beit al-Ajaib, ukaitwa Shungwaya, waliouunda walitegemea kumbukumbu za namna hiyo. Na makumbusho nayo si ya milele: sehemu ya jengo hilo la Beit al-Ajaib iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020.

Basi mtu asiseme mfano ni mchezo wa mtoto tu. Aliyeunda mfano wa mtepe kwa uaminifu alihifadhi chombo kizima. Kama angefunga kamba kwa kubuni, sisi tungerithi ubunifu wake tukidhani ni elimu. Kwa ajili hiyo, niliporudi Elburgon nilizifunga kamba za jahazi langu kama fundi wa Matondoni alivyonieleza, nikaiweka ramani pembeni.

MASHAURI KWA ANAYETAKA KUANZA, AU KUANZA TENA

Zana zinazohitajika ni chache: kisu kikali, tupa ndogo, msasa wa namna mbili, skwea, rula, na vibanio vya nguo vya kushikia mbao gundi inapokauka. Yaliyobaki ni mambo ya kukumbuka.

Kwanza, hesabu vipande vyote na usome ramani mara mbili kabla ya kufungua gundi. Kisanduku cha zamani hukosa kitu daima, kwa panya au kwa unyevu.

Pili, viache vipande wiki mbili katika chumba kile kile utakachofanyia kazi, mbali na moto. Ubao hunywa unyevu wa hewa ukavimba, na ukikauka hunywea. Ukiufunga kabla haujazoea, utapasuka baadaye.

Tatu, yapige msasa mataruma hata ubao ulale juu yake yote bila kulazimishwa. Kazi hii haionekani jahazi likiisha, lakini ndiyo ishikayo yote.

Nne, ubao mmoja kuume, mmoja kushoto. Sina haja ya kueleza zaidi.

Tano, gundi katika nchi ya baridi hukawia. Mwezi wa Julai, ukungu unapokaa hata saa tano asubuhi, mimi hungojea siku nzima kabla ya kugusa kiungo. Na macho yakichoka jioni, acha. Usiku ni wa kulala.

Sita, andika jina la kila kitu, uandike nakala mbili, na moja umpe mtu mwingine.

MWISHO WA KAZI

Jahazi lilimalizika katika Desemba 2019. Tanga nililishona kwa kitambaa cha shuka kuukuu, kwa kuwa la kisandukuni liliharibika. Mjukuu wangu ndiye aliyevuta henza, na foromali ikapanda bila kukwama. Alitaka tulitie katika beseni la maji. Nilisita, kisha nikakubali. Lilielea, likainama kidogo kushoto, nadhani kwa sababu podo ni nzito kidogo kuliko mti wa Ulaya. Tulitia vijiwe vitatu chini kwa upande wa pili, likasimama sawa. Waswahili husema maji ya kifuu ni bahari ya chungu, na beseni lile siku ile lilikuwa bahari ya kututosha.

Baada ya siku chache alikuja mgeni, akanyosha kidole akauliza kile kijiti kirefu cha juu ni cha nini. Kabla sijajibu, mtoto alimwambia kwa adabu, "Si kijiti, mzee. Inaitwa foromali," kisha akamtajia henza, jarari na demani, na kuonyesha kila moja mahali pake.

Ile nusu ya karatasi iliyobaki nimeitia katika fremu ya kioo, nikaitundika ukutani nyuma ya jahazi. Ninapoamka asubuhi hulitazama kutoka omo kwenda shetri, kama mzee alivyofanya. Mkuku wake umenyooka. Nilipaswa kumwonyesha yeye, nami nilichelewa. Msomaji mwenye kisanduku darini, na mwenye mzee aliyemfundisha angali hai, asingojee kama mimi.